Kuuza, Kununua na Bei ya Lafudhi

Ukisema kwetu Lubumbashi kwamba unakwenda kufanya staji Dar es Salaam, watu wanacheka kidogo. Kwao staji ya kweli iko Ubelgiji, Ufaransa, au angalau Afrika Kusini. Dar ni mahali pa kwenda kuchukua gari lililotoka Japani. Na kama wewe ni mwanafunzi wa lugha, wanaongeza: «Unaenda kujifunza Kiswahili chenye unajua?»

Nilikaa huko miezi mitatu, kuanzia Juni hadi Agosti 2023, katika kampuni moja ya wakala wa forodha upande wa Kurasini, si mbali na bandari. Walihitaji mtu wa kusoma karatasi za Kifaransa na kupokea simu za wateja kutoka Kongo. Sehemu kubwa ya bidhaa tunazoziona madukani Katanga inashushwa pale bandarini, kisha inapanda malori hadi Tunduma, inaingia Zambia kwa Nakonde, inapita Kapiri Mposhi na kufika Kasumbalesa. Ni njia ya kama kilomita 2,000. Wenye mizigo wanapiga simu kila siku kuuliza imefika wapi, na wanapiga kwa Kiswahili. Kwa hiyo kampuni ilitafuta mkalimani wa kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Hawakulisema hivyo katika barua ya kunikubali, lakini ndiyo kazi niliyoifanya.

Mshahara haukuwepo. Nilipewa shilingi 6,000 kwa siku za nauli na chakula. Nilipanga chumba Buguruni, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba sita na choo kimoja uani. Daladala kwenda na kurudi ilikuwa 1,000, sahani ya wali na maharage kwa mama ntilie 1,500. Zilizobaki, 3,500, ndizo zilizolisha jioni yangu, zikanunua sabuni, vocha ya simu, na mchango wangu wa LUKU, maana umeme ule unalipiwa kwanza ndipo unawaka, na wapangaji sita wanajua vizuri nani ana friji. Mwaka huo shilingi ya Tanzania na faranga yetu zilikuwa karibu sawa mbele ya dola, zote mbili zikizunguka 2,400 hivi. Jambo hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote. Bei ya nyanya Buguruni niliisoma moja kwa moja kama bei ya nyanya katika soko la Kenya. (Kwa msomaji asiye wa Lubumbashi: Kenya ni mtaa wetu mkubwa, wala si ile nchi. Mama yangu anauza hapo.)

Chakula kilikuwa kilekile chini ya majina mengine. Bukari ni ugali, lengalenga ni mchicha, sombe ni kisamvu, ndakala ni dagaa. Hayo mtu anayajifunza kwa wiki moja, kwa kuonyesha kidole. Kilichonichukua muda ni vitenzi. Mtanzania akifika kwenye meza ya nyanya anasema: «Naomba za mia tano.» Siku za kwanza nilimwangalia muuzaji nione kama atampa bure. Kwetu anayeomba hana pesa. Mwenye pesa anasema «unipatie». Na muuzaji wetu akikupa kitu anasema «kamata», neno ambalo Dar linafanya watu wafikirie polisi. Hata neno makala, ambalo ndilo ninaloandika sasa hivi, kwetu ni mkaa wa kupikia. Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimeombwa kuandika makala, aliuliza nani ameniomba nimpelekee mkaa, na gunia ngapi.

Lakini neno lililokuwa na uzito wa pesa ni moja: kuuza.

Wenzangu wa Katanga wanajua. Sisi tukisema «naenda kuuza mukate», tunakwenda kuununua. Anayetupatia mkate kwa pesa, yeye «anauzisha». Katika Kiswahili sanifu kuuza ni kazi ya mwenye duka, na mnunuzi ana kitenzi chake, kununua, ambacho kwetu husikika zaidi darasani na kanisani. Darasani tulilitaja jambo hili kwa dakika tano, katika orodha ya «makosa ya kawaida», tukaendelea na ngeli.

Katikati ya Julai tulipokea simu ya mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi. Kontena lake la vipuri vya pikipiki lilikuwa bandarini, limeandikwa kama mzigo wa transiti, likingoja karatasi za mwisho. Karani aliyekuwa na faili alimwuliza jambo la kawaida tu, tarehe ya ankara. Mama akajibu: «Bintu yote niliisha kuuza, mwezi ya tatu.»

Karani akaweka kalamu chini. Akamfunika yule mama sikio kwa kiganja, yaani akaifunika simu, akatuangalia sisi wengine. «Ameshauza mzigo wote? Kwa nani?» Mzigo wa transiti hauuzwi Tanzania. Unapita tu, umefungwa kwa lakiri, na wakala anayejua kwamba umeuzwa njiani halafu akanyamaza anaweza kupoteza leseni yake. Alikuwa mtu mwangalifu, baba wa watoto wanne, na alikuwa tayari kulisimamisha faili lile hadi bosi arudi kutoka safari siku ya Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Muda wa bure wa kuhifadhi kontena ulikuwa unakwisha kesho yake, na baada ya hapo kila siku ina ada yake kwa dola.

Nikamwambia: «Kaka, anasema alivinunua. Vyote. Mwezi wa tatu.»

«Amesema ameuza.»

«Kwetu kuuza ni kununua.»

Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba kwa jirani kushoto ni kulia. Nikachukua simu, nikamwuliza yule mama kwa lugha ya nyumbani: «Mama, uliuza kwa nani, kule kule Chine?» Akajibu kwa hasira kidogo kwamba ndiyo, aliuza Guangzhou, kwani angeuza wapi? Na atauzishia Lubumbashi, kama kila mwaka. Karani alisikia maneno yote mawili yakitoka katika kinywa kimoja, kila moja na maana yake, akacheka, akaandika tarehe. Faili liliendelea Ijumaa asubuhi.

Baadaye, wakati wa chakula, alinifariji. Nadhani alitaka kunifariji. Alisema Kiswahili chenu kimepinda, lakini siyo kosa lenu, mko mbali na pwani. Niliondoka mezani nikilifikiria neno kupinda, na jioni, nikiwa ninamlipa mama mwenye nyumba kodi ya mwezi, jibu likanijia. Mimi ninapanga chumba, yeye anapangisha. Mtu akiwa na shida anakopa, mwenye pesa anamkopesha. Hayo ni sanifu kabisa, yamo katika kila kamusi, hakuna mwalimu anayeyapiga mstari mwekundu. Upande unaopokea una kitenzi kifupi, na upande unaotoa unakirefusha kwa kiambishi kile kile cha kusababisha: unamfanya mwenzako apange, unamfanya akope. Sisi tumesema tu kwamba mwenye duka anamfanya mtu auze. Kuuza, kuuzisha. Kibemba kinafanya hivyohivyo: kushita ni kununua, kushitisha ni kuuza. Na Wabemba, wa upande wetu na wa iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, walikuwa wengi miongoni mwa watu waliojenga migodi na mitaa ya Elisabethville. Kiswahili chetu kilikulia kambini kwa wafanyakazi, kati ya watu ambao vichwani mwao mpango huo wa vitenzi ulikuwa tayari.

Na Kifaransa, ambacho kwetu hakuna anayethubutu kukiita kilichopinda, kina kitenzi louer, ambacho ni kupanga na ni kupangisha pia, bila kurefusha kitu. Mwenye nyumba na mpangaji wanalitumia neno moja na mkataba unaandikwa. Nilimwambia karani hayo kesho yake. Alisema: «Sawa, lakini bandarini sema kununua.» Alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa nayo.

Sasa nije kwenye pesa za mama.

Mwezi wa Julai ulikuwa zamu yake katika likelemba ya wanawake kumi wa sokoni. Kila mmoja anatoa dola 30, mmoja anachukua 300. Mama alikuwa amengoja zamu hiyo ili aache kuuza unga kwa meka, ambao faida yake ni vumbi, aanze vitenge. Mtoto wake alikuwa Dar. Alizituma dola kwa mama mmoja wa basi, zimefungwa katika kitambaa, noti za 5, za 10 na za 20, kwa sababu likelemba haikusanyi noti za mia. Dukani kwa kubadili fedha waliziangalia, wakanipa kiwango cha chini kwa sababu ni noti ndogo: 2,380. Nikatoka na shilingi 714,000. Sikuwahi kushika pesa nyingi namna hiyo, na hazikuwa zangu. Nyuma yake kulikuwa na miezi ya mama kuamka saa kumi usiku.

Alitaka pisi 40. Kwa simu aliuliza swali moja tu: «Kule banauzishaka bitenge bei gani?»

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Kariakoo peke yangu, kuulizia tu, pesa nimeziacha nyumbani. Jina lenyewe la mahali pale linafaa wanafunzi wa lugha: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichomezwa na Kiswahili hadi kikawa kitu kingine. Jengo kubwa la soko, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lilikuwa limefungwa tangu moto wa Julai 2021, na biashara ilikuwa imejaa barabarani. Huko kuna Mtaa wa Swahili na kuna Mtaa wa Kongo. Nguo nyingi ziko Mtaa wa Kongo. Nilisimama chini ya kibao nikafikiri kwamba hapa basi nitapokelewa kama mtoto wa nyumbani.

Katika duka la tatu alitangulia dada mmoja wa hapohapo. Akauliza bei, akaambiwa 9,500 kwa doti. Nikauliza mimi, kitambaa kilekile, kwa muuzaji yuleyule, nikasema «ile ya bluu iko bei gani?» Akanitazama vizuri, akatabasamu, akasema: «Hii elfu kumi na mbili, dada. Ya Kongo hii, ngumu, haitoki rangi.» Nilifanya hesabu nikiwa nimesimama palepale. Mzigo wa mama kwa bei hiyo ungekuwa shilingi 720,000. Pesa zote zingekwisha kabla kitambaa hakijapanda basi, na bado ningedaiwa 6,000, yaani posho yangu ya siku moja.

Lakini kulikuwa na hesabu nyingine iliyonitisha kuliko ile ya bei. Doti ni yadi 4. Ni kipimo cha zamani sana. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji na kuvuka ziwa kuja kwetu ililipa ushuru kwa doti na kwa shuka, na shuka ni nusu yake, yadi 2. Pisi yetu ni yadi 6, kwa sababu mwanamke wa Lubumbashi anashona blauzi na sketi na bado anataka kipande cha kujifunga juu. Kitenge cha yadi 4 hakimtoshi. Atakigeuza, atakirudisha mezani. Ningemwambia muuzaji «nipe doti 60» angenipa yadi 240 kamili, hesabu sahihi, zimekatwa vipande 60 ambavyo mama hangeweza kuviuzisha hata kwa hasara. Kilichohitajika ni kitambaa kizima cha yadi 12. Kikikatwa Dar kinatoa doti 3, kikikatwa Lubumbashi kinatoa pisi 2. Nilihitaji vizima 20, na nilihitaji mkasi usiviguse.

Mama mwenye nyumba alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mara mbili habari ya yadi 6, kisha akasema tutakwenda pamoja Jumamosi inayofuata. Sharti lake: «Mwanangu, nitaongea mimi. Wewe ukifungua mdomo tu, tumeliwa.»

Nilikubali. Nataka kusema vizuri namna ilivyokuwa, maana wengine katika kitivo wanaweza kuona ni jambo dogo. Nimesoma Kiswahili miaka mitatu chuoni na nimekizungumza tangu nijue kusema. Nikatembea Mtaa wa Kongo karibu saa mbili nzima kama bubu, nyuma ya mwanamke aliyekuwa akiniita binti yake, nikitikisa kichwa. Alikuwa fundi. Alianza na salamu ndefu, akauliza habari za watoto ambao hakuwajua, akashika kitambaa kati ya vidole viwili kama kitu kilichofia barabarani. «Bei ya jumla baba, usiniambie ya rejareja.» Kijana akasema 10,000. Mama akaondoka. Akaitwa. Akarudi nusu ya njia. Kwa doti 60 wakafika 9,000, yaani 540,000, na kijana akachukua mkasi ili aanze kuhesabu.

Hapo nilisema. «Hapana! Usikate. Tunabeba vile viko.»

Mkasi ukasimama. Kijana akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akaanza kucheka. «Kumbe Mkongo! Mama umenipiga. Wakongo wana dola hawa, hawabishani.»

«Bei imeshatajwa,» alisema mama mwenye nyumba. Hakuinua sauti. Katika soko lile sentensi hiyo ina nguvu ya sheria, na kijana aliiheshimu. Alivihesabu vizima 20 mbele yetu, akaniachia nichague rangi, na wakati anafunga alinieleza bila uchungu jinsi anavyowatambua wateja wake wa Lubumbashi: wanasema «mingi», wanasema «iko», wanaharakisha kwa sababu basi linaondoka, na wanaogopa kurudi mikono mitupu. Hiyo ya mwisho ilinikaa. Lafudhi yangu ilikuwa inamwambia kwamba duka langu liko kilomita 2,000 mbali na kwamba siwezi kusema nitarudi kesho. Bei ya kutoweza kurudi kesho, kwa hesabu ya Jumamosi ile, ilikuwa shilingi 3,000 kwa doti, 180,000 kwa mzigo wa mama. Tangu hapo sijaweza kusikia mtu akisema lafudhi ni pambo tu la lugha.

Zilibaki shilingi 174,000. Kufungasha, mchukuzi wa mkokoteni hadi ofisi ya basi, na nauli ya mzigo vilikula 120,000. Nilinunua doti moja ya kanga kwa ajili ya mama mwenye nyumba, na ilinichukua muda kuliko vitenge vyote 20, kwa sababu kanga inasema na nilitaka kusoma kila maandishi kabla sijamvisha mtu sentensi. Zilizobaki nilimrudishia mama mkononi, mwezi wa Agosti, pamoja na karatasi ya hesabu.

Ripoti yangu ya staji niliiandika kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa. Katika ukurasa wa kazi nilizofanya niliweka «tafsiri ya simu za wateja», na msimamizi wangu akaandika pembeni, kwa kalamu ya risasi: kutoka lugha gani kwenda lugha gani? Bado tunalijadili.

Mama aliuzisha pisi 31 kabla ya Noeli. Nne alizikopesha. Tano zilibaki, zote za kijani zenye samaki wakubwa, ambazo nilizichagua mwenyewe kwa sababu nilizipenda. Wateja walisema ni mapazia. Amekwisha kutoa tena zamu zake za likelemba na anamtafuta mtu mwingine wa kumtuma Kariakoo. Juzi alinipigia nikiwa maktaba, akaanza kunitajia rangi anazotaka safari hii, nyekundu, bluu, ile ya njano yenye maua madogo. Kabla ya kukata simu akaongeza:

«Na ile ya masamaki, umwambie asiuze tena.»